Ghala Nililoliziba Mwenyewe

Nina miaka hamsini na minne. Nimemaliza darasa la saba tu, hapa hapa Mtawanya, wilaya ya Kibiti. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba, kwa redio, na kwa kuuliza maswali hadi watu wanichoke.

Naandika haya kwa mpangilio kwa sababu ndivyo nilivyozoea kufanya kazi. Lakini ndugu msomaji, usidhani mpangilio ni dawa. Mimi ulikaribia kunimalizia watoto!

Kazi niliyojipa ilikuwa kutunza mbegu. Mavuno yakishaingia, majirani waliniletea mahindi ya mbegu, kunde, wengine mpunga, niwatunzie mpaka mvua za kupandia. Mwaka huo zilikuwa kaya kumi na moja. Hawakunilipa. Walinipa heshima, na heshima, naona sasa, inalevya kuliko tembo la mnazi.

Waliniita Bwana Chumvi. Jina hilo lilitokana na namna yangu ya kupima ukavu wa mahindi. Nilitia punje ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu, nikatikisa, nikasubiri. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Chumvi ikianguka chini bila kuganda, yanafaa kuhifadhiwa. Sikupokea gunia lolote bila chupa yangu kukubali. Mke wangu, Mwajuma, alikuwa akiwachekesha wenzake kisimani: "Baba Zuhura siku akifa, atataka tumwanike kwanza, tumtie kwenye chupa, ndipo azikwe!"

Tulicheka sana na maneno yale... Siku hizi Mwajuma hatanii tena.

Kwa miaka mingi nilitumia njia za mama yangu. Mahindi ya mbegu nilichanganya na majivu na unga wa majani makavu ya mwarobaini, mengine nikayaning'iniza juu ya moto wa jikoni yaingie moshi. Yalikaa. Lakini mwaka ule mvua ilitukuta tukiwa bado tunavuna. Mahindi yaliingia ndani yakiwa na unyevu, nikayaanika mara nne, na bado dumuzi waliingia. Ukiweka sikio kwenye gunia uliwasikia wakitafuna. Asubuhi unga mweupe ulikuwa umemwagika chini, kama mtu amepita na ungo.

Kaya kumi na moja! Wakikosa mbegu, watapanda nini? Nilijiona nimebeba vinywa vya watu wote wale mgongoni.

Nikaenda dukani kununua vidonge vya kufukizia nafaka. Ni vile vidogo vya rangi ya kijivu, ambavyo vikipata unyevu hutoa gesi inayoua kila kitu chenye pumzi. Muuzaji alinitolea kwenye kopo, akanifungia kwenye kipande cha nailoni. Hakuniuliza naenda kuvitumia wapi. Aliniambia tu, "Funga vizuri, mzee. Hivi havina mchezo."

Nilijua havina mchezo. Hapa ndipo ungamo langu linapoanza. Ninacho kitabu cha zamani cha hifadhi ya nafaka, kimepoteza jalada, na humo imeandikwa wazi kwamba vidonge hivyo havitumiki katika nyumba wanamolala watu. Mstari huo nilikuwa nimeupigia kalamu nyekundu kwa mkono wangu.

Na mke wangu alikuwa ameniapisha. Alisikia habari za vidonge hivyo kutoka kwa ndugu zake wa Chumbi, akaniambia kwamba siku nitakayoingiza sumu ndani ya nyumba yake ndiyo siku atakayotoka yeye. Nilimwahidi. Kwa hiyo aliponikuta nafunga ghala, akaniuliza natia nini, nilimjibu, "Majivu na mwarobaini, kama kawaida."

Uongo wa maneno matano tu...

Sasa nieleze nyumba yangu, maana bila kuielewa hutaelewa kilichotokea. Ni nyumba ya miti na udongo, iliyoezekwa kwa bati. Ghala ni chumba cha pembeni ambacho nilikitoboa mlango wa nje na kukiziba mlango wa ndani. Nilijiambia: lina mlango wake, kwa hiyo halimo katika nyumba. Lakini kati ya ghala na chumba cha uani kuna kiambaza kimoja, na kama nyumba zetu nyingi, kiambaza hicho hakifiki kwenye bati. Kinaishia kwenye mtambaapanya, ule mti wa juu unaolalia ukuta. Kutoka hapo hadi kwenye bati ni uwazi mtupu. Ukikohoa chumba hiki, wa chumba kile anakwambia pole.

Siku ya Ijumaa nilipanga magunia, nikaweka vidonge, nikatoka. Nilikandika udongo mbichi kuzunguka mlango. Dirisha nililigongelea mbao na kujaza matambara. Kisha nikaenda chumba cha uani, nikapanda juu ya kinu nilichokipindua, nikaziba ule uwazi wa juu kwa magunia matupu. Mwajuma alipita, akauliza. Nikamwambia panya.

Hebu nipime mwenyewe, msomaji. Mtu asiyejua hatari huenda kuiziba? Nilijua. Nilichodanganya nafsi yangu ni kwamba gunia lililofumwa, lenye matundu elfu, litazuia gesi. Chumba cha uani kilikuwa hakilali mtu. Baada ya siku kumi ningefungua, ningepitisha hewa, na hakuna ambaye angejua.

Lakini Jumapili binti yetu wa pekee, Zuhura, alishikwa na uchungu kabla ya hesabu yetu. Akajifungua salama kituo cha afya, mtoto wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi. Mjukuu wangu wa kwanza!

Kwetu, mwanamke akizaa mimba ya kwanza, huja kulala arobaini yake kwa mama yake. Anafungiwa chumba chenye joto, dirisha linafungwa asipigwe na upepo, anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anakunywa uji wa pilipili manga. Hatoki nje ila kwa haja. Na chumba chenye joto kuliko vyote nyumbani kwangu ni kipi? Kile cha uani.

Jumatatu, Mwajuma akiwa anatandika kitanda humo, nilisimama mlangoni nikamwambia, kwa sauti nyepesi, kwamba labda Zuhura akae chumba cha mbele.

"Chumba cha mbele?" akanigeukia. "Mzazi alale barabarani, kila mpita njia amtie jicho? Baba Zuhura, haya ya wanawake. Wewe nenda na chupa yako."

Wanawake waliokuja kusaidia wakacheka. Mimi pia nikacheka.

Neno moja tu lingetosha. Lakini ningelisema, mke wangu angejua nimemdanganya, ghala lingefunguliwa kabla ya wakati, dumuzi wangebaki hai, na kaya kumi na moja zingesema Bwana Chumvi ameshindwa. Niliyapima haya mawili, kama ninavyopima kila kitu. Upande mmoja jina langu, upande wa pili "pengine." Pengine gesi itapita, pengine haitapita. Nikachagua jina langu.

Zuhura akaingia na mtoto. Mlango ukafungwa.

Jumanne mvua ilinyesha mchana kutwa. Asubuhi Mwajuma alifagia chumba cha mzazi akatoka na mijusi wawili wa ukutani kwenye kizoleo. Walikuwa wamekufa. Akawatupa jalalani. Mimi niliwaona... na Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza lilikuwa: dawa inafanya kazi!

La pili lilikuja baadaye kidogo, nikiwa nimekaa uani na chai. Mijusi wale wametoka chumba gani?

Nikaenda nikaongeza magunia juu ya mtambaapanya. Zuhura alikuwa kitandani, mtoto kifuani. Akaniuliza, "Baba, panya gani hao wanaokusumbua hivyo?" Alikuwa anatabasamu. Nikamjibu ni wakubwa.

Jumatano alifika mkwe, Bi Somoe, mama yake Hamisi, mume wa Zuhura. Alitoka Kiongoroni, huko chini kwenye mikoko, kwa boti ya mashine hadi nchi kavu, kisha kwa bodaboda. Alikuja na kapu la ng'onda, samaki waliokaushwa kwa jua, zawadi ya mzazi. Ni mwanamke wa maneno mengi na moyo mzuri. Aliingia akaimba hapo hapo mlangoni, akamchukua mtoto, akasema pua ni ya kwao na wala tusibishane.

Siku hiyo hiyo kuku aliyekuwa ameatamia kwenye pembe ya ukumbi, karibu na mlango wa Zuhura, alikutwa amekufa juu ya mayai yake. Wakasema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku. Na Zuhura akalalamika kichwa kinamgonga na kifua kimembana. Wakasema maziwa yanaingia. Na harufu ikaanza humo chumbani, harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza, au samaki aliyevunda.

Wote wakaligeukia kapu la Bi Somoe.

Mwajuma, kwa aibu ya kumgusa mkwe, alilitoa kapu nje polepole. Bi Somoe alinusa samaki wake mmoja mmoja mbele ya watu. "Samaki wangu wakavu hawa!" akasema. "Nimeanika mwenyewe siku tano. Mnaniona mimi mwanamke wa kuleta uvundo kwa mzazi?" Wanawake wawili wakatazamana.

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilijua harufu ile ni ya nini, kitabu changu kimeiandika. Nilimwona mwanamke mzima akinusa samaki wake huku machozi yanamlenga... nikaondoka nikaenda shambani.

Alhamisi samaki walikuwa wameshatupwa tangu jana, na harufu bado ipo. Kila maji ya moto yalipoingia chumbani kwa kumkanda mzazi, mvuke ulipanda hadi juu ya kiambaza, na harufu ikazidi. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Unyevu ndio unaoamsha vile vidonge. Mvua kwenye bati, mvuke wa chungu... sisi wenyewe tulikuwa tunavichochea, asubuhi na jioni!

Mtoto akaanza kukataa ziwa. Akatapika. Zuhura naye akatapika. Bi Somoe alisema kwamba huyu mtoto apelekwe hospitali, tena leo. Mwanamke mmoja akamrushia neno, akasema aliyeleta ugonjwa ndiye sasa anayeleta ushauri. Mwajuma akaamua wasubiri hadi kesho, waone hali.

Niliwaza kuvunja mlango wa ghala. Nilichukua hata jembe. Kisha nikahesabu siku: bado nne zitimie kumi. Nikajiambia nitafungua kesho, baada ya sala ya Ijumaa, kimya kimya, watu wakiwa msikitini. Hata kuokoa watu nilitaka kuwaokoa kwa siri.

Sikuifikia sala hiyo. Ijumaa kabla ya adhuhuri nilikuwa nachota majivu jikoni niliposikia Mwajuma akipiga ukelele. Mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa, midomo imebadilika rangi. Tukakimbia naye kwa bajaji mpaka hospitali, Zuhura akiwa ameegemea bega la Bi Somoe, hawezi kushika kichwa chake.

Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye haraka. Akamweka mtoto kwenye hewa ya mashine, akageuka kwetu, akauliza: "Nyumbani kuna dawa yoyote imetumika? Ya wadudu, ya panya, ya shamba?"

Mwajuma akajibu haraka, kwa unyofu wote. "Hapana, daktari. Hata dawa ya mbu hatuna. Mume wangu anatumia majivu tu."

Daktari akanitazama mimi. Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi mbili, tatu. Nikatazama chini.

Mjukuu wangu alifariki kabla msikiti haujamaliza kutoa salamu ya kufunga sala.

Daktari alinieleza siku nyingine kwamba gesi ile haina dawa ya kuiondoa mwilini, na kwamba pengine hata ningesema, mtoto asingepona. Aliniambia kwa huruma. Sikuipokea huruma hiyo, maana Zuhura naye alikuwa pale, na kwa sababu ya kimya changu alipimwa malaria, akakutwa hana, akatundikiwa maji, akaruhusiwa kwenda kuzika. Alirudishwa nyumbani akiwa na sumu mwilini, nyumba ambayo sumu bado ilikuwa inatoka!

Tulifika alasiri. Watu walikuwa wamejaa uani, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Hamisi alikuwa amewasili kutoka Kiongoroni, amesimama hajui mikono aiweke wapi. Maiti ikapelekwa kuoshwa. Wanawake wakamshika Zuhura kwapani, taratibu, wakaanza kumrudisha chumbani kwake. Mzazi ni mzazi hata akifiwa. Arobaini yake inaendelea, mlango ufungwe, maji ya kumkanda yalikuwa tayari motoni.

Nilimwona akinyanyua mguu kuvuka kizingiti.

"Asiingie humo!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Watu wote wakageuka. Mwajuma akaniambia kwa uchovu, "Baba Zuhura, sasa mzazi alale wapi?"

"Popote. Humo asiingie. Ghalani kuna vidonge. Nimeweka vidonge."

Mwanzoni hawakuelewa. Mmoja wa wazee akaniambia nikae chini, uchungu umenizidi. Ikabidi niseme tena, kwa mpangilio, kama ninavyokuandikia wewe: nilivyonunua, nilivyoziba, nilivyodanganya kuhusu panya, harufu ilikuwa ya nini. Nikasema samaki wa Bi Somoe hawakuwa na kosa. Nilipofika hapo, Bi Somoe aliketi chini mchangani, akajifunika uso kwa kanga.

Mwajuma hakupiga kelele. Alinitazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi.

Zuhura ndiye aliyeuliza. Alikuwa ameshikiliwa na wanawake wawili, sauti yake ndogo, lakini uani palikuwa kimya kiasi kwamba kila mtu alisikia.

"Baba. Ulijua lini?"

Ningeweza kusema leo. Ningeweza kusema jana.

"Jumatatu," nikamjibu. "Kabla hujaingia."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja. Akawaambia waliomshika wampeleke kwa jirani.

Mtoto alikuwa hajatimiza siku saba za kupewa jina. Mimi, kama babu, ndiye niliyekuwa nimeombwa kulichagua, na nilikuwa nimelichagua. Hamisi alimpa jingine, pale pale, kabla ya jeneza kunyanyuliwa. Nilipojongea nishike upande, alinizuia kwa kiganja kifuani, bila nguvu, bila hasira. "Mzee, wewe baki," akasema. Nikabaki. Nilikaa na masufuria ya maji yaliyokuwa yanachemka bure.

Zuhura alirudishwa hospitali jioni ile, safari hii daktari akijua anachotibu. Aliugua wiki mbili, moyo ukienda mbio bila sababu. Akapona. Alipopona hakurudi kwangu. Bi Somoe, mwanamke niliyemwacha asingiziwe, ndiye aliyemchukua akammalizia arobaini Kiongoroni. Nimesikia huwa anamkaangia samaki kwa mkono wake. Mwajuma yuko kwa ndugu zake Chumbi. Alinikumbusha ahadi yake kwa sentensi moja, akafunga mzigo.

Bwana afya na afisa ugani walikuja wamevaa vinyago, wakafungua ghala, wakaondoa mabaki, wakaandika maelezo yangu. Polisi nao wakaniita, nikaeleza yote. Shauri langu bado linaendelea na sitaki kulizungumza hapa.

Unataka kujua magunia? Hayakuwa na mdudu hata mmoja. Kaya kumi na moja walikuja kuchukua mbegu zao bila kunitazama usoni, na mimi nikawaambia wote wasizile, wazipande tu. Zilipandwa zikaota karibu zote. Msimu ule mashamba ya Mtawanya yalikuwa ya kijani hadi barabarani. Kila nilipopita niliona kazi yangu imefaulu... Je, kuna adhabu iliyozidi hiyo?

Ndugu zangu wasomaji, sikuandika ili mniombee msamaha. Nimeandika kwa sababu naona vidonge hivi vikiuzwa kimoja kimoja, vimefungwa kwenye nailoni, na naona magunia yamepangwa chini ya vitanda. Mahindi yakikaushwa sawasawa, yakafungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa au pipa lenye mfuniko wa kubana, dumuzi hufa wenyewe kwa kukosa pumzi. Hakuna haja ya sumu. Na kama ghala lenu ni kubwa hata likahitaji kufukizwa, mwiteni aliyefundishwa kazi hiyo, na liwe mbali na mahali wanapolala watu. Mbali, si chumba cha pili.

Lakini zaidi ya hayo nawaomba jambo moja. Kama wewe, unayesoma sasa, umeweka vidonge ndani ya nyumba na hujamwambia mtu, usimalizie kusoma. Inuka, watoe watu nje, uwaambie ulichofanya. Watakucheka. Watakuita mjinga mbele ya majirani. Mkeo huenda akakasirika mwezi mzima.

Vumilia. Mimi nilikuwa na siku nne za kuchekwa, nikazikataa zote.